Kutambua Msonobari, Kutambua Mtu

Tramu nambari 44 huanzia Montgomery, mashariki mwa jiji la Brussels, hupita ndani ya msitu wa Soignes na kuishia Tervuren. Safari nzima haimalizi nusu saa. Anayeshuka kituo cha mwisho huwa amefika penye taasisi mbili zilizotokana na matakwa ya mtu mmoja. Ya kwanza ni Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, ambayo jengo lake kuu lilifunguliwa mwaka 1910. Ya pili, ambayo wageni wengi wa makumbusho hawaifikii, ni bustani ya miti iliyoanza kupandwa mwaka 1902 kwa amri ya Mfalme Leopold II na kwa mpango wa mwanabotania Charles Bommer. Bommer hakuipanga miti yake kwa ukoo wala kwa uzuri. Aliipanga kwa nchi ilikotoka, ili mtu aweze kutembea kutoka Ulaya hadi Asia ya Mashariki, kisha avuke kwenda Amerika, bila kutoka Tervuren. Kwa kuwa Ubelgiji ni nchi ya baridi, miti iliyoweza kuishi hapo ni ile ya nchi za baridi. Hivyo mfalme ambaye wakati huo aliihesabu Kongo nzima kuwa milki yake binafsi alijiletea karibu na ikulu misitu ya mabara matatu, lakini msitu wa Kongo haukuja. Watu wa Kongo ndio waliokuwa wameletwa, miaka mitano kabla, na habari yao itafika mahali pake.

Katika bustani hiyo misonobari ni mingi. Mchukulie mgeni aliyekulia Lamu au Malindi, sasa mkazi wa Ixelles, anayeingia humo kwa mara ya kwanza siku ya Jumapili. Ataona shina refu lililonyooka, majani membamba kama nyuzi, vitu vidogo vya mviringo vyenye magamba vimeanguka chini, na atausikia upepo ukivuma juu kwa sauti ile ile aliyoizoea ufukweni. Atasema: mivinje. Kosa hilo si la ujinga. Jicho limefanya kazi yake, sikio nalo limetoa ushahidi. Hata hivyo ni kosa, na kubwa kuliko anavyoweza kudhani. Kile kinachoonekana kuwa jani la mvinje ni kijiti cha kijani chenye pingili. Ukikivuta hukatika penye kiungo, na majani halisi ni vijimeno vidogo mno vinavyozunguka kila pingili. Kile kinachofanana na koni ni mkusanyiko wa matunda yaliyokauka na kuwa mgumu kama mti. Mvinje ni mmea utoao maua. Kwa nasaba uko mbali sana na msonobari, na uko karibu zaidi na ile miti mikubwa yenye gome laini la kijivu, hêtre kwa Kifaransa, inayoujaza msitu wa Soignes. Mgeni wetu alipita katikati ya jamaa za mvinje wake kwa dakika kadhaa ndani ya tramu, wala hakuwatazama mara ya pili, kwa sababu hawakufanana na chochote cha nyumbani. Kisha akafika mwisho wa safari akawakumbatia wasiomhusu.

Neno lenyewe, msonobari, au msunobari kama wasemavyo wengine, lilitoka katika Kiarabu. Pwani ililipokea jina pasipo mti. Afrika yote kusini mwa Sahara haina msonobari wa asili hata mmoja, na katika spishi zaidi ya 100 zilizopo duniani ni moja tu, Pinus merkusii ya Sumatra, iliyovuka Ikweta bila kubebwa na mtu. Misonobari inayoonekana leo Mufindi mkoani Iringa, au katika nyanda za juu za Kenya, ilipandwa na serikali za kikoloni na zile zilizofuata, na wenyeji wengi huiita mipaina. Mingi ni ya spishi ya Pinus patula, iliyotoka Mexico.

Mtu wa Mufindi naye akiingia bustani ya Tervuren atakosea, ila kwa namna nyingine. Atauona msonobari wa Ulaya, Pinus sylvestris, ambao chini una gome nene la kijivu lililopasukapasuka, lakini kuanzia katikati kwenda juu gome hilo huwa jembamba kama karatasi, linabanduka, na rangi yake ni ya machungwa mabivu. Jua la jioni likilipiga, shina huwaka. Mpaina wa nyumbani nao una gome jekundu linalobanduka sehemu za juu. Atasema: huu ndio ule. Na safari hii kosa ni dogo, maana kweli ni miti ya jenasi moja. Amekosea jina la mtu, ila ukoo ameupata.

Ni nini basi kingewasahihisha wote wawili? Wazoefu hawaanzi na gome. Huanza kwa kuinama. Huokota sindano zilizoanguka, au huvuta tawi lililo karibu, na kutazama jinsi sindano zinavyoshikana. Sindano za msonobari hazioti moja moja kwenye kitawi kama za mti wa Krismasi unaouzwa sokoni Brussels mwezi wa Desemba, ambao kwa kawaida si msonobari hata kidogo. Huota katika vititi vidogo, na kila kititi kimefungwa chini kwa ala nyembamba, kama visu viwili au vitatu vilivyochomekwa ndani ya ala moja. Hapo mtu huhesabu. Mbili: huenda ni sylvestris, na ikiwa sindano ni fupi, zimejipinda na rangi yake inaelekea samawati, dhana inapata nguvu, zikiwa ndefu, ngumu na za kijani kizito, na gome halina wekundu popote, basi ni Pinus nigra. Tatu, nazo zinaning'inia kama nywele zilizolowa: patula. Tano, laini, mkononi hazichomi: msonobari wa Weymouth wa Amerika ya Kaskazini, au ule wa Himalaya ambao sindano zake ni ndefu zaidi.

Ila kila alama ina udanganyifu wake. Patula mara nyingine hutoa sindano nne au tano katika ala moja. Misonobari ya sindano tano huidondosha ala yake mwaka ule ule wa kwanza, hivyo anayeitafuta ala asiione anaweza kuamua kwamba alichokishika si msonobari. Spishi moja ya majangwa ya Marekani ina sindano moja tu, na hiyo imevuruga hesabu yote. Gome la mti mchanga halifanani na la mti mzee, na upande wa shina unaopigwa na mvua huota kuvu na kupoteza rangi. Koni ndiyo shahidi anayeaminika zaidi, kwa umbo, kwa urefu, kwa jinsi inavyoshikamana na tawi, kwa kuwapo au kutokuwapo kwa mwiba kwenye magamba yake. Lakini koni hukomaa kwa karibu miaka miwili, mti mchanga hauna, na ile iliyookotwa chini huenda ilidondoka kutoka mti wa jirani au ilibebwa na kindi. Kwa sababu hiyo, wazoefu hawaliamini gome peke yake, wala sindano, wala koni. Wanasubiri mashahidi watatu wakubaliane. Wasipokubaliana, wanaandika alama ya kuuliza mbele ya jina na kuendelea na safari.

Alama hiyo ya kuuliza inastahili kutazamwa kwa makini. Wapo watakaoiona kuwa jambo dogo la ufundi. Lakini katika maisha ya hadhara ni mara chache sana mtu huona jina likiandikwa hivyo na mwenye mamlaka.

Kutotambua vizuri kunaweza kuwa na gharama hata kwa miti. Katika Afrika ya Mashariki palipandwa zamani spishi nyingine yenye sindano tatu, Pinus radiata ya California, iliyokua upesi na kuwafurahisha wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa kuvu unaokausha sindano, uitwao Dothistroma, uliishambulia kiasi kwamba upandaji wake uliachwa, na patula, ambayo huustahimili ugonjwa huo, ikaimarika. Kwa mpita njia zote mbili ni mipaina na zote zina sindano tatu. Kwa bwana miti tofauti kati ya sindano inayoning'inia na isiyoning'inia ilikuwa tofauti kati ya shamba na kuni. Kutofautisha, basi, si uovu. Anayesema kwamba majina na makundi ni dhuluma tupu hajawahi kuwa na shamba.

Kiswahili kina kitenzi ambacho huubeba mjadala huu wote mgongoni mwake. Kutambua ni kujua kwamba kitu hiki ndicho kile. Kutambua pia ni kukiri haki: nchi huitambua serikali mpya, mahakama huitambua ndoa, baba humtambua mtoto. Maana ya kwanza ni kazi ya macho na akili. Ya pili ni tendo la mtu kwa mtu, na anayelitenda hujifunga. Kutoka kitenzi hicho hicho limepatikana jina la ile kadi ambayo mkazi wa Brussels huibeba mfukoni kila siku, kitambulisho. Mhamiaji anayeisubiri kadi hiyo katika ofisi ya manispaa anajua vizuri kwamba maana hizo mbili zinaweza kuachana. Anaweza kutambuliwa kikamilifu, kwa alama za vidole, kwa picha, kwa urefu na rangi ya macho, na bado asitambuliwe. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba nayo ni kitambulisho cha aina yake. Kila anayeiona anajua huyu ni nani, na hakuna anayemuuliza.

Mtu aliyefanya zaidi ya wengine kuwapa misonobari majina yake ya kisayansi ni Msweden Carl Linnaeus. Katika kitabu chake cha mwaka 1753, Species Plantarum, ndimo lilimoandikwa jina Pinus sylvestris linalotumika hadi leo. Lakini humo humo alikosea sana. Chini ya jina Pinus aliikusanya miti ambayo leo hakuna anayeiita misonobari: ule unaopukutisha sindano zake kila majira ya baridi, Larix, ile miwili ambayo koni zake huning'inia au husimama wima, hata mwerezi wa Lebanon. Tena majina Abies na Picea aliyapachika kinyume na yanavyotumika sasa. Mkulima wa bustani wa London, Philip Miller, aliyekuwa na miti hiyo mbele ya macho yake kila siku, aliitenga Larix na Abies mwaka 1754, mwaka mmoja tu baadaye. Wengine wakafuata, hadi karne iliyofuata. Hakuna aliyepigana vita. Watu walirudi kwenye koni, wakaitazama upya, wakaandika tofauti.

Mwaka 1758 Linnaeus alichapisha toleo la kumi la kitabu chake kingine, Systema Naturae, na humo aliwapanga wanadamu. Aliwagawa katika makundi ya mabara manne, kila kundi likipewa rangi yake ya ngozi, tabia yake, mavazi yake, na kile kinacholitawala. Mzungu, kwa mujibu wake, hutawaliwa na sheria. Mwafrika hutawaliwa na matakwa ya kila dakika. Njia ilikuwa ile ile ya miti: alama chache za nje, kisha jina, kisha tabia ikaambatishwa. Mkono ulioandika ulikuwa ule ule. Ila safari hii hakutokea Miller wa mwaka uliofuata. Makosa kuhusu Larix yalisahihishwa na mtu mmoja mwenye bustani. Makosa kuhusu Afer yalipewa majeshi, shule na ofisi za kuyalinda, na karne mbili baadaye yalikuwa bado kazini.

Kwa nini? Jibu rahisi ni kwamba miti ina spishi na watu hawana. Kosa lilikuwa kupeleka njia sahihi mahali pasipo pake. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Hata miongoni mwa misonobari mipaka si ya kuchongwa kwa patasi: spishi jirani huzaana mahali zinapokutana, na wataalamu hawajakubaliana ni migawanyo mingapi ihesabiwe ndani ya Pinus nigra. Kama kukosekana kwa mpaka ulio wazi kungetosha kuifanya kazi ya kutambua kuwa dhuluma, basi ingekuwa dhuluma msituni pia. Kinachoyatenganisha mambo haya mawili kinaonekana vizuri zaidi mahali pengine pembeni mwa Brussels, upande wa kaskazini, katika bustani ya mimea ya Meise.

Hapo zimehifadhiwa karatasi zenye mimea iliyokaushwa, karibu milioni nne, na mkusanyiko wake wa Afrika ya Kati ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Kila karatasi ina tawi, jani, ua au koni, na pembeni kibandiko kinachoeleza nani aliuchuma mmea, wapi, lini, na kwa maoni yake unaitwaje. Mtaalamu mwingine akija baada ya miaka 30 akaona kwamba mwenzake alikosea, hafuti. Hachani kibandiko cha kwanza. Huongeza chake chini yake, chenye jina analoliona kuwa sahihi, sahihi yake mwenyewe, na mwaka. Wa tatu huongeza cha tatu. Zipo karatasi zilizojaa vibandiko kiasi hicho, na msomaji huona pale mabishano ya karne nzima kuhusu tawi moja. Tawi lenyewe lipo, halijaondolewa, na yeyote mwenye kibali anaweza kulitazama upya na kusema: wote mmekosea.

Sasa iwekwe karatasi hiyo kando ya kadi nyingine iliyotokana na utawala wa Ubelgiji. Katika miaka ya 1930 watawala wa Kibelgiji nchini Rwanda walianza kutoa kadi zilizoandikwa kama mwenye nazo ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Walikuwapo wataalamu wa nyakati hizo waliopima pua, vichwa na urefu, kana kwamba wameshika koni na rula. Majina hayo yalikuwapo kabla ya Wabelgiji kufika, na yalikuwa na maana iliyobadilika kwa mali, kwa ndoa, kwa ukaribu na ikulu. Kadi ililigeuza jina kuwa gome lisiloweza kubanduka. Mtoto alilirithi kutoka kwa baba. Kwenye kadi hapakuwa na nafasi ya kibandiko cha pili. Hapakuwa na sahihi ya mtu aliyeamua kiasi kwamba aweze kuulizwa aliamua kwa ushahidi gani. Hapakuwa na alama ya kuuliza. Uhuru ulipokuja mwaka 1962 kadi zilibaki. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno moja kwenye kadi lilikuwa hukumu ya kifo. Na pale kadi ilipokosekana, walioshika mapanga walirudi kwenye alama za zamani, urefu, pua, umbo la vidole, na wakaua pia watu ambao kwa mujibu wa kadi walikuwa wao wenyewe.

Tofauti kati ya Meise na kizuizi cha barabarani si kwamba mmoja alitazama sura ya nje na mwingine akatazama ndani. Wote walitazama nje. Mwanadamu hana njia nyingine ya kuanza. Tofauti ni kwamba kule Meise kinachotambuliwa kimeachiwa nafasi ya kupinga. Tawi halisemi, lakini limehifadhiwa ili liendelee kuwa ushahidi dhidi ya jina lake. Mwanadamu husema, na ndiye pekee aliyenyimwa nafasi hiyo. Inashangaza, na si vibaya kushangaa mara moja moja katika mambo haya, kwamba majani makavu yalipewa haki ya rufaa ambayo watu hai hawakuipata.

Itakuwa rahisi mno, hata hivyo, kuliacha shtaka hili mlangoni pa Wazungu na kurudi nyumbani. Waswahili nao wana vizuizi vyao. Mwaka 1971 Carol Eastman alichapisha makala yenye swali kama kichwa chake: Waswahili ni nani? Swali hilo limejibiwa na wengi tangu hapo, wenyeji na wageni, wengine kwa nasaba, wengine kwa dini, wengine kwa lugha, wengine kwa mji mtu alikozaliwa na baba yake. Mabishano mengi yalifanana na ya mtu anayehesabu sindano: ukiwa na tatu ni wetu, ukiwa na mbili si wetu. Zanzibar, kati ya sensa ya mwaka 1924 na ile ya 1931, idadi ya watu waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka sana, huku majina mengine, Shirazi miongoni mwao, yakipanda. Watu hawakufa wala hawakuhama. Waliulizwa, na safari hii walijibu tofauti, kwa sababu jina Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa katika masikio ya watawala na ya majirani. Wanahistoria wengine wameiona sensa hiyo kuwa isiyoaminika. Inaweza kuonwa pia kuwa mojawapo ya karatasi chache za kikoloni ambamo tawi lenyewe liliandika kibandiko.

Na katika mitaa ya Matonge, pale Ixelles, karibu na Porte de Namur, mambo haya yanaendelea kila siku kwa sauti ya chini. Mama kutoka Bukavu anaongea Kiswahili chake, alicholelewa nacho, na kijana kutoka Mombasa anayesimama nyuma yake dukani anatabasamu. Anatambua upesi, kwa kiambishi kimoja na kwa neno la Kifaransa lililovishwa kanzu ya Kiswahili, kwamba huyu ni Mkongo. Hadi hapo hakuna ubaya. Sikio limefanya kazi yake kama jicho la yule mgeni wa Lamu. Ubaya huanza pale anapogeuka kwa mwenzake na kusema kwamba kile si Kiswahili. Hapo ametoka maana ya kwanza ya kutambua akajipa mamlaka ya maana ya pili, na ametoa hukumu kwa alama moja. Hakungojea mashahidi watatu. Hakujiuliza kama lugha inayosemwa na mamilioni ya watu Kivu na Katanga huenda ni spishi ya jenasi hiyo hiyo, yenye sindano mbili badala ya tatu. Wasomi wa lugha waliozoea kuita lahaja za bara kuwa mbovu wamefanya jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi.

Pembeni ya kanisa la Mtakatifu Yohana pale Tervuren yapo makaburi saba. Mwaka 1897, kwa ajili ya maonyesho ya kikoloni, Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji ili watazamwe, na baadhi yao wakawekwa katika vijiji vya maonyesho ndani ya bustani ya kifalme. Saba walikufa. Majina yao yamehifadhiwa kwa neno moja moja: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Hakuna jina la baba wala la ukoo. Msonobari ulio umbali wa kutembea kutoka hapo una jina la jenasi, jina la spishi, na kwa desturi ya wanabotania, hata kifupisho cha jina la mtu aliyeupa jina hilo, ili alaumiwe ikibidi. Kwa watu hao saba hakuna anayeweza kulaumiwa kwa jinsi majina yao yalivyosikiwa na kuandikwa, wala hakuna tawi la kurudia. Wageni wa makumbusho ambayo yalifunguliwa upya mwaka 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano husoma habari zao, na wengine hutembea hadi kanisani. Kusimama pale ni kutambua kwa maana ya pili tu, kwa kuwa maana ya kwanza haipatikani tena.

Mgeni wa Lamu, tuseme, ameinama hatimaye. Ameshika kititi cha sindano, amehesabu mbili, ameiona ala, amejua kwamba huu si mvinje. Huenda akasikitika kidogo. Ameokota koni pia, ya kijivu, nyembamba, imefumba magamba yake yote kwa sababu mvua ya Brussels haijakatika tangu asubuhi, na ameitia mfukoni ili akailinganishe na picha ya kitabuni. Nyumbani ameiweka juu ya kipasha joto akalala. Koni ya msonobari hufumba ikilowa na kufumbuka ikikauka. Asubuhi ameikuta imetanuka mara mbili ya unene wake, magamba yote wazi, na mbegu chache zenye bawa zimeanguka sakafuni. Ameifungua picha, akatazama kimoja baada ya kingine, akachukua kalamu, na pembeni ya jina aliloliandika jana usiku ameandika tarehe ya leo.